Waya wa Kijani Katika Gari la Mama Mkwe

Niseme ukweli mapema kabla ujasiri haujanitoka: gari la mama mkwe wangu niliharibu mimi. Si panya, si mvua, wala si ile barabara ya Mitaboni ambayo watu huisingizia kila kitu. Ni mimi, kwa mikono yangu hii, na bisibisi yangu, na kiburi changu.

Nina duka la vifaa vya umeme hapa mjini Machakos: balbu, soketi, swichi, waya wa kukatiwa kwa mita. Nilizaliwa upande wa mlima, nikaja huku kutafuta maisha, nikapata duka na nikapata mke Mkamba. Kufunga umeme wa nyumba nakujua vizuri. Nyumba nyingi za Mumbuni, ninakoishi, zinawaka kwa kazi ya mikono yangu. Na mtu akinisifu mara mbili tatu, mimi huanza kuamini kwamba hakuna waya duniani ambao mimi siujui. Huo ndio ugonjwa wangu wa kwanza. Wa pili ni hasira. Hasira zangu ziko karibu, mke wangu husema ziko hapa mfukoni pamoja na funguo.

Mama mkwe ni mwalimu mstaafu, mjane, anakaribia miaka sabini. Mitaboni yote inamwita Mwalimu. Mumewe alipofariki, alikaa kimya mwaka mzima, halafu siku moja akaenda kujiandikisha shule ya udereva, akaketi darasani na vijana wa rika la wajukuu zake. Mtihani wa kwanza akaanguka. Akarudi, akapita. Akanunua gari dogo jeupe, lile la kutoka Japani likiwa limeshatumika, na tangu hapo hakuna mtu aliyemkamata. Mayai yake na sukuma wiki yake anapeleka Machakos mwenyewe. Kinamama wenye magoti mabovu anawapeleka kliniki. Mtu akifiwa huko ndani kabisa ambako pikipiki zinakataa kwenda, Mwalimu ameshafika na sufuria ziko kwenye buti.

Lakini wanawe hawakulipenda hilo gari hata kidogo, hasa yule mkubwa anayekaa Nairobi. Kila Krismasi alikuwa na wimbo ule ule: "Mwaitu, umri umeenda. Lete hiyo funguo tuuze, tutakutafutia dereva." Mwaitu ni mama kwa Kikamba. Naye Mwaitu alikuwa anamwongezea nyama kwenye sahani bila kumjibu.

Sasa, yeyote aliyewahi kununua gari la Kijapani anajua habari ya redio yake. Inaongea Kijapani, na masafa yake yanaishia tisini. Stesheni zetu nyingi ziko juu ya hapo, na zile za Kikamba ambazo Mama alizipenda zote ziko juu. Kwa hiyo alikuwa akiendesha akisikiliza kelele za upepo na stesheni moja ya mbali iliyokuwa inakuja na kupotea. Mke wangu aliponieleza, nikasema, ala, hilo nalo ni jambo la kuumiza kichwa? Nikatafuta redio mpya nzuri, yenye mahali pa kuchomeka flashi, na Jumatano moja asubuhi tukapanda Mitaboni kumfungia.

Hapo lazima nieleze kitu kinaitwa nthoni. Ni heshima, ni aibu, ni vyote viwili kwa pamoja, na kwa Wakamba iko kati ya mwanamume na mama mkwe wake. Vijana wa siku hizi wameilegeza, lakini Mwalimu si wa siku hizi. Hatushikani mikono. Hatuketi pamoja, na gari moja hatuwezi kuingia. Nikipita hapa, yeye anapitia kule. Maneno yake kwangu yanapitia kwa binti yake, hata tukiwa tumesimama hatua tano: "Mwambie baba ya mjukuu wangu chai iko tayari." Nami namwambia mke wangu: "Mwambie Mama nimeshukuru." Miaka kumi na mmoja tumeishi hivyo, na nilimpenda sana yule mama, lakini sikuwahi kusikia neno moja kutoka kinywani mwake likija kwangu moja kwa moja. Labda ndiyo sababu nilitaka ile redio iimbe vizuri hivyo. Nilitaka asikie nilichomaanisha.

Kazi yenyewe niliifanya kwa saa moja, nikipiga mluzi. Nikachomoa redio ya Kijapani, nikakata waya zake, nikaunganisha za redio mpya nikifuata rangi, kama nilivyozoea kwenye nyumba. Nikafunga tepu. Nikabonyeza. Kwaya ikaimba! Mama alikuwa barazani, ametupa mgongo kwa ajili ya nthoni, lakini niliona bega lake likifuata wimbo. Nilirudi Mumbuni nimefura kama chapati kwenye kikaango.

Jioni ile ile Mama alikuwa anatoka mjini. Giza lilipoanza kuingia akawasha taa. Akasikia *tip!*, kitu kidogo kama mtu amevunja njiti ya kiberiti, na redio ikakata, na dashibodi yote ikawa giza. Mshale wa mwendo hauonekani, wa mafuta hauonekani. Taa kubwa za mbele zilibaki zinawaka, kwa hiyo akasonga pole pole. Kitu ambacho hakujua ni kwamba hata taa za nyuma zilikuwa zimekufa. Pikipiki ikamjia kwa kasi, ikamwona ikiwa imeshafika, ikaingia kwenye mtaro. Mwenye pikipiki alitoka na michubuko tu, Mungu ni mwema. Lakini kabla Mama hajafika nyumbani, habari ilikuwa imeshafika Nairobi.

Shemeji yangu mkubwa akapiga simu kwa dada yake, nami nikiwa nimeketi hapo hapo, spika imewashwa. "Si nilisema? Mwaitu amebonyeza-bonyeza vitu hajui, ameunguza gari. Haoni vizuri, hasikii vizuri. Jumapili nakuja kuchukua funguo, na safari hii sitaki kuambiwa kula kwanza. Mnunuzi yuko tayari."

Mke wangu akaniangalia. Mimi nikaangalia ugali.

Ningesema wakati ule, ingeisha. "Shemeji, redio nilifunga mimi." Maneno manne tu. Lakini nikamega tonge. Fundi wa Mumbuni nzima, mwenye duka, mkwe wa kutoka mbali, niseme nimemzimia mama mkwe taa barabarani? Nikajiambia huenda si redio, huenda ni kitu kingine. Mwongo hujidanganya mwenyewe kwanza, ndipo awafikie wengine.

Alhamisi nikamweleza fundi mmoja wa magari hapa mjini. Akacheka mpaka akashika mbavu, akasema waya zote zimeungua, dashibodi itolewe yote, gari likae kwake wiki mbili. Wiki mbili! Jumapili funguo zinaondoka. Nikamwambia asante, ingawa niliyosema moyoni hayaandikiki. Nikaamua nitaenda mwenyewe Jumamosi.

Jumamosi asubuhi mke wangu, ambaye ni muuguzi, akaitwa kazini ghafla. Nikabaki nimesimama mlangoni na kisanduku changu cha vifaa. Niende vipi kwa mama mkwe peke yangu? Nani atatusemea? "Nenda tu," akasema mke wangu, "Mwaitu atajua la kufanya." Nikaenda.

Nilimkuta anawawekea kuku maji. Aliponiona niko peke yangu, akasimama. Akaangalia nyuma yangu kama binti yake anaweza kutokea. Halafu akamgeukia ng'ombe wake aliyekuwa amefungwa kando ya banda la gari.

"We ng'ombe," alisema kwa sauti ya darasani, "hebu uliza mgeni wako kama amekunywa chai."

Nami nikiangalia matairi nikajibu: "Ng'ombe, mwambie Mama nimeshukuru. Nitakunywa nikimaliza."

Ng'ombe akaendelea kutafuna. Tukawa tumepata mkalimani.

Gari lilikuwa ndani ya banda la mabati, pua ikiwa ukutani, na ndani mle mlikuwa na kiza. Nikafungua kisanduku cha fyuzi chini ya usukani. Fyuzi ndogo nyekundu ya taa ndogo ilikuwa imekatika. Ile moja inalisha taa za nyuma, taa ya nambari na taa za dashibodi. Nilikuwa nimebeba nne mpya. Nikaweka ya kwanza, nikawasha taa. *Tip!* Ikafa.

Haya. Nikatoa balbu za nyuma, nikazikagua moja moja, nikasugua kutu, nikarudisha. Fyuzi ya pili. *Tip!*

Nikafungua swichi ya taa kwenye usukani, jasho linaingia machoni, nikaona kila kitu kiko sawa, nikafunga. Fyuzi ya tatu nikaiweka taratibu, kwa vidole viwili, nikiibembeleza kama yai. *Tip!*

Aki hasira zilinipanda! Nilirusha bisibisi nje ya banda kwa nguvu zangu zote. Kuku wakatawanyika wakipiga kelele.

"Ng'ombe," ikaja sauti kutoka jikoni, "mwambie baba ya mjukuu wangu kuku wangu hawajamkosea."

Nilitamani ardhi inimeze. Nikatoka kuokota bisibisi nimeinamisha kichwa. Mfukoni nilibaki na fyuzi moja tu. Nikaketi juu ya gunia la mahindi nikalitazama lile gari. Kwenye kiti cha nyuma palikuwa na trei za mayai zimepangwa tayari kwa safari ya Machakos, ambayo hakuna aliyejua kama itakuwepo. Kwenye usukani Mama alikuwa ameshona kitambaa kwa mkono wake. Nikaona picha ya Mama akingoja barabarani chini ya jua na trei zake, akiomba lifti, akiambiwa na watoto wadogo kwamba amezeeka. Kwa sababu yangu. Niliumia, sitadanganya.

Wahenga walisema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Nikainuka. Nikasema, sasa nianze pale nilipokuwa nakwepa tangu asubuhi. Nikaichomoa ile redio.

Ilitoka na mkia wake wote wa waya. Waya wa antena ulikuwa mfupi, ukanizuia, nikauchomoa ili nione nyuma vizuri. Nikailaza redio juu ya trei tupu ya mayai kwenye kiti cha abiria, isiguse chuma. Nikataka kujua kama yenyewe bado ni nzima, kwa hiyo nikazungusha ufunguo, nikachomeka flashi. Ndani nilikuwa nimeweka nyimbo za kwaya ya kanisa lao nilizorekodi kwenye simu sikukuu iliyopita, na kwaya ile ina mpiga ngoma asiyejua kupiga pole pole. Ikaimba. Angalau redio ilikuwa hai.

Nikajipinda chini ya dashibodi, kichwa chini, miguu nje ya mlango, tochi mdomoni. Hali hiyo haifai mtu kuonwa na mama mkwe, lakini nani angeniona? Ndipo nikasikia hatua. Wimbo ulikuwa umemvuta. Alikuja mpaka mlango wa banda, nyuma ya gari, akasimama pale akisikiliza kwaya yake.

"Ng'ombe," akaanza.  Nyayo zikasogea karibu.

"Baba," akasema. "Taa za nyuma zinaimba."

Niligonga kichwa. Si kwa ajili ya taa, kwanza. Ni kwa sababu hakumwambia ng'ombe. Aliniambia mimi.

"Zinaimba vipi, Mama?" nikauliza kutoka chini, tochi imeniponyoka.

"Ngoma ikipigwa zinawaka kidogo. Ngoma ikinyamaza zinazima."

"Haiwezekani. Swichi ya taa nimezima. Na fyuzi imekufa."

"Mimi nakuambia ninachoona kwa macho yangu, hayo macho wanasema hayaoni. Toka uone mwenyewe." Na akatoka, akaenda kusimama nyuma ya tangi la maji ili mimi nipite.

Nikatoka, nikazunguka. Kweli kabisa! Ndani ya kile kiza cha banda, taa mbili za nyuma zilikuwa zinatoa wekundu hafifu, kama makaa yanayopulizwa, sawasawa na ngoma. Du! Nikainama nikachungulia ndani: dashibodi nayo, vitaa vyake vyote, vinacheza kwaya.

Nilisimama pale mdomo wazi, halafu kitu kikafunguka kichwani. Umeme ni kama maji, ukiingia lazima upate pa kutokea. Redio inapokea moto, yaani umeme, kwa waya mmoja na kuutoa kwa waya mweusi, ambao unatakiwa kwenda kwenye chuma cha gari. Mimi ule mweusi niliuunganisha na waya gani? Na wa kijani. Kwa nini kijani? Kwa sababu kwenye nyumba, katika kazi yangu ya kila siku, kijani ndicho kinachoenda ardhini, kijani ndicho cha usalama, ningekichagua hata nikiwa usingizini. Lakini Wajapani waliotengeneza lile gari hawakuwahi kufunga umeme Mumbuni. Kwao kijani ndicho kinachopeleka moto kwenye taa ndogo.

Kwa hiyo Mama alipowasha taa Jumatano, moto ulishuka kwa ule wa kijani, ukaingia redio kwa mlango wa nyuma, ukatokea kwa waya wa antena mpaka kwenye chuma, na fyuzi ikakatika. Na sasa nilipochomoa antena, redio ikakosa pa kutolea moto wake isipokuwa kupitia balbu za taa. Ndiyo maana zikacheza. Fundi wa wiki mbili hangeona. Mimi mwenyewe nikiwa kichwa chini nisingeona maishani. Aliyeona ni mwanamke wa miaka karibu sabini aliyesimama nyuma kwa ajili ya adabu.

"Ni kijani!" nikapiga kelele, nikaruka pale uwanjani kama mtoto. "Ni kijani, Mama! Ni kijani!"

"Kijani nini?" likauliza tangi la maji.

Nikasimama. Mficha uchi hazai. Nikalielekea lile tangi, nikavua kofia.

"Mama, gari lako niliharibu mimi. Jumatano, nilipofunga redio. Wewe hukubonyeza kitu. Na nilisikia wakikulaumu, nikanyamaza. Nisamehe."

 Kuku mmoja akapita kati yetu.

"Nilijua tangu Jumatano," akasema. "Nimesomesha darasa la tatu miaka thelathini. Mtoto aliyevunja kioo cha dirisha ndiye huja wa kwanza kuuliza kama kuna kazi ya kufagia. Nilikuwa nangoja useme. Sasa rudi umalize kazi, mayai yangu yanangoja."

Nilirudi ndani ya gari nikiwa mwepesi, nikitaka kulia na kucheka. Nikautenga ule mweusi na kijani. Wa kijani nikaufunga tepu mara tatu, ulale peke yake. Mweusi nikaumenya, nikaufunga kwa boliti kwenye chuma kitupu nyuma ya dashibodi. Nikatoa taa yangu ya kupimia, balbu ndogo na nyaya mbili, nikahakikisha. Nikarudisha antena, nikasukuma redio mahali pake. Nikaitoa ile fyuzi ya mwisho mfukoni, nikaichomeka. Nilikuwa sijagusa swichi bado niliposikia mngurumo wa gari kubwa langoni.

Shemeji. Jumamosi. Amekuja siku moja mapema, mama asipate nafasi ya kupika.

Akaingiza gari lake refu jeusi mpaka uani, akaliegesha sawasawa nyuma ya banda, akashuka na miwani ya jua. "Mwaitu, wĩmũseo?" akamsalimu mama yake, akamshika mkono kwa heshima. Kisha kwangu: "Shemeji! Hata wewe umekuja kutusaidia kuliondoa? Vizuri sana. Mwaitu, lete funguo. Sijui ni nini ulibonyeza, lakini mnunuzi amekubali hivyo hivyo."

 Mama alikuwa anapangusa mikono kwa leso yake, tena na tena, ingawa ilikuwa imeshakauka.  Hapo hasira zangu, hizi hizi zinazoniaibisha kila siku, zikanifaa kwa mara ya kwanza.

"Hakubonyeza kitu," nikasema. "Redio nilifunga mimi. Waya niliunganisha vibaya mimi. Yule mtu wa pikipiki aliingia mtaroni kwa sababu yangu, na nitaenda kwake mwenyewe kumwomba msamaha. Ukitaka kuchukua kitu, chukua bisibisi yangu."

Akatoa miwani. "Wewe?"

"Mimi. Na nimetengeneza."

"Umetengeneza." Akacheka kidogo kwa pua. "Wewe uliyeharibu. Haya, tuone."

Tuone! Na mimi sijajaribu! Fyuzi moja, na dukani ni mbali, na mnunuzi anangoja. Lakini kurudi nyuma haikuwezekana. Kupima taa kunahitaji watu wawili, mmoja usukani na mmoja nyuma, na Mama alikuwa ameshapita katikati yetu, akaingia kwenye kiti chake, akafunga mlango, akafunga mkanda. Maana yake ni kwamba mimi ndiye wa kutoa amri. Kumwamrisha mama mkwe, mbele ya mwanawe! Nikajiokoa kwa kumwita kwa wingi, kama wako watatu mle ndani.

"Mama, washeni redio."

Kwaya ikaimba, ngoma na yote.

"Sasa..." Nikasogea karibu na taa za nyuma. "Sasa washeni taa."

Nilisikia mlio wa swichi. Nilingoja ile *tip*. Nilingoja mpaka masikio yakauma. Haikuja. Taa za nyuma ziliwaka, zote mbili, nyekundu, zimetulia, hazifuati ngoma ya mtu. Taa ya nambari ikawaka. Na kwaya haikukata hata herufi moja.

"Dashibodi, Mama?"

"Iko!" akapaza sauti. "Naona mafuta. Naona mwendo. Hata saa naona, na tumechelewa!"

"Kanyageni breki!"

Breki zikang'aa mpaka ukuta wa mabati ukawa mwekundu. Indiketa ya kushoto. Ya kulia. Shemeji alizunguka gari akitafuta kasoro, akainama, akagonga balbu kwa kidole, akaingiza kichwa dirishani kuangalia dashibodi. Hakupata kitu. Nilikuwa nimeshika nguzo ya banda na furaha imenijaa. Tumeshinda, nilikuwa nasema kimoyomoyo, tumeshinda, tumeshinda.

"Sawa," akasema shemeji, lakini sauti imepungua. "Leo linawaka. Na kesho?"

"Kesho likizima nitakuja," nikasema. "Lakini aliyeona hitilafu ni nani? Mimi nilikuwa kichwa chini tangu asubuhi, sioni kitu. Ni yeye aliyeona taa zikicheza, kutoka hapo mlangoni, mchana. Macho gani mengine unataka?"

Shemeji akamwangalia mama yake kupitia kioo, muda mrefu. Mama alikuwa anarekebisha kile kioo cha katikati. Alikuwa ametulia sasa, mikono miwili kwenye usukani, kama walivyomfundisha. Akateremsha dirisha.

"Mwanangu," akamwambia yule mkubwa wake wa Nairobi, "chai iko kwenye thamosi, kunywa na ndugu yako. Mimi nina mayai ya watu."

"Lakini Mwaitu, mnunuzi..."

"Toa gari lako njiani."

Na akalitoa. Ilimchukua muda, maana lilikuwa refu na ua ni mwembamba. Alienda mbele, akarudi nyuma, akaenda mbele, na mama yake akimngoja bila kuzima injini. Mama alipopata nafasi akarudisha gari lake dogo jeupe mara moja tu, akaligeuza vizuri, akatupita sote wawili. Langoni akaweka indiketa ya kushoto, ingawa barabarani hapakuwa na mtu, akaingia njia ya Machakos.